Vifungo vya Shati la Baba Bhoke

Baba Bhoke,

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima ametuagiza kila mmoja aandike barua kwa mtu aliye mbali. Wenzangu wamewaandikia ndugu zao wa Musoma na Mwanza. Mimi sina ndugu huko, nimekuchagua wewe. Mwalimu atasahihisha herufi, mengine hayamhusu.

Huku hatujambo. Shamba la kijiji limepaliliwa, na mwenyekiti bado anachelewa mikutano anayoiitisha mwenyewe. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa dume. Barabara uliyokuwa ukiipasulia mawe imefika mtoni, na ile mashine ya kutobolea mwamba, mliyokuwa mkipokezana miaka yote na mdogo wako Marwa, sasa alipewa yeye. Hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Unakumbuka asubuhi zetu. Kabla hujatoka nilikufunga vifungo vya shati, mlango umefungwa, Bhoke bado amelala. Kwa baridi ya Tarime vidole vyako vilipauka kama vimepakwa unga wa muhogo, halafu vikaanza kuchoma. Kifungo ulikishika bila kujua kama umekishika. "Mama Bhoke, haya yabaki humu ndani," ulisema, nikakubali. Mganga wa zahanati alikwambia mtetemo wa mashine unaua mishipa ya fahamu, uiache ungali na vidole. Ulimshukuru kwa heshima zote, ukaenda kazini.

Huko nje ulikuwa mtu mwingine. Kwetu mvulana anafundishwa tangu siku ya kutahiriwa kwamba uchungu hauonyeshwi usoni, na kwenye kila sherehe wewe ndiye uliyeipua sufuria la nyama kwa mikono mitupu. Wanaume walipiga makofi, wazee wakakukatia paja. Walidhani unavumilia. Hukuwa unavumilia chochote, Baba Bhoke. Ulikuwa huhisi.

Mara ya mwisho sufuria lilikubabua kiganja, na hukujua mpaka nilipokuonyesha. Ukafunga kitambaa, ukarudi kwenye mwamba. Kidonda kikaoza, homa ikapanda, na tulipokufikisha hospitali daktari alinitazama mimi badala yako.

Juzi tumeondoa matanga. Ulisifiwa sana, mpaka nikajiuliza kama ni wewe niliyekuwa nakupikia. Mmoja akasema mikono kama yako haitazaliwa tena. Ndipo Marwa akainuka kwa heshima yako, akaenda mafigani, akaipua sufuria bila kitambaa. Watu wakashangilia. Mimi nilitazama uso wake. Haukukunjamana hata kidogo. Halafu nikatazama shati lake, vifungo vimepishana na matundu.

Nikasimama. "Shikamooni wazee," nikasema. "Marehemu alikuwa hawezi kufunga kifungo. Nilikuwa namfunga mimi kila asubuhi. Hiyo mnayoishangilia siyo nguvu, ni mikono iliyokufa."

Baba yako mkubwa akasema nimekuvua nguo mbele za watu. Ni kweli, nimekuvua. Nililia kuliko siku ya mazishi, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Asubuhi yake Marwa alikuja na mkewe. Alisimama mlangoni, shati wazi, mikono ameiweka nyuma. "Shemeji," akasema, "mimi hata njiti ya kiberiti siishiki." Mkewe aliangalia chini. Alipojaribu kumfunga alianzia juu, nikamwonyesha aanzie chini, ndivyo ulivyokuwa unapenda. Wakatoka pamoja. Marwa akamwomba nyapara ampe koleo la kuzolea kokoto badala ya mashine. Nyapara alicheka, lakini akampa.

Sasa mashine imefunikwa turubai, wanatafuta mtu mwingine wa kuishika. Nakuahidi jambo moja, na usinikasirikie. Yeyote atakayepewa, nitamtafuta mkewe nimwambie, hata wakisema nakuvua tena.

Lala salama, Baba Bhoke. Siku ya mazishi wanawake walitaka kukuvisha, nikawaambia shati waniachie mimi. Vifungo vyote nilivifunga mwenyewe, nikianzia chini. Vifungo hivyo hakuna atakayevifungua.

Mimi,
Mama Bhoke