Katambuga za Baba Kwenye Sakitu

Chini ya Shengena,
Same.
26 Septemba 1993

Kaka yangu Zebedayo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua tangu masika huko Korogwe kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Mama anakula, ila nyayo zinamuuma na usingizi wake ni wa kuku.

Najua umeshasikia. Habari njema husubiri basi, habari mbaya huteremka mlima kwa miguu. Umesikia kwamba mdogo wako Eliakunda, aliyewaandika wezi wa maji magazetini mpaka wakamkwepa njiani, alisimama mkutanoni akakiri kuiba maji ya ndiva, bwawa letu sote la kumwagilia. Ni kweli nilisimama. Tulia, usome mpaka mwisho.

Ilianzia kwenye redio. Mtangazaji alisema baridi ya mwisho itapiga nyanda za juu za kaskazini mashariki, huenda sakitu, ule umande wa kuganda, ikaanguka mabondeni, na baadaye joto litapanda kwa ghafla. Tulikuwa dukani kwa Rogers, yule aliyerudi na mtaji na anayetaka kijiji kimkodishe ndiva amwagilie nyanya zake za kupeleka Dar. Watu walicheka, wakasema poleni Wachaga. Unatujua, Kaka: redio ikitaja mlima, Mpare anaamini imetajwa Kilimanjaro. Mimi nikawaka. Niliwaambia kwamba tumezoea kuachia wenzetu shule, barabara na dawa, na sasa hata baridi yetu tunawaachia wao. Rogers akasema Mama Magazeti ameanza, jamani, mpeni kiti na maji ya kunywa. Wakacheka upya. Mama yetu, niliyekuwa naye, peke yake hakucheka. Njiani aliniuliza mara tatu kama ndiva imefungwa.

Sakitu ikaja kwetu. Alfajiri moja bonde zima lilikuwa jeupe kama limemwagiwa chumvi, na jua lilipotoka maharage yakawa meusi, yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto. Huo ulikuwa msiba wa kwanza. Wa pili ni kwamba ndiva ilikutwa tupu. Maji yaliyojikusanya usiku kucha yalikuwa yamefunguliwa bila mtu kuelekeza mfereji wowote, yakaishia korongoni. Na juu ya nyasi nyeupe, kutoka mlango wa ndiva kwenda kusikojulikana, kulikuwa na alama za katambuga za tairi, mguu wa kushoto ukiburutwa.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Baba aliitunza ndiva ile mpaka anazikwa, na mguu wake wa kushoto uliovunjikia kwenye mashamba ya mkonge aliuburuta mbele ya macho ya wote. Mbaraka, mwenyekiti wa ndiva, ambaye haogopi hata chui, alivua kofia. Watu wakaanza kukumbushana kwamba katika mwaka wa njaa baba aliwaomba wote ruhusa, akafungua maji kabla ya mapambazuko ili udongo mbichi uyakinge maharage na sakitu. Wakasema mzee amerudi kazini.

Unajua msimamo wangu kuhusu mizimu. Miaka yote nimesema kwamba tunawasingizia wafu kwa sababu tunawaogopa walio hai. Lakini alama zile ziliporudi alfajiri ya pili, nilipiga magoti nikazipima kwa kiganja changu. Nilisikia harufu ya tumbaku ya baba. Sitaki unicheke.

Rogers hakuogopa. Alisema ndiva yenye mzimu haina faida kwa mtu, apewe yeye aijengee saruji. Ndipo mmoja katika vijana akasema kwamba mzimu hauna haja ya viatu. Huyo ni mchawi aliyevaa viatu vya marehemu. Neno hilo lilishika kama moto kwenye majani makavu. Vijana wakakubaliana kulala pale na mapanga.

Nikawatangulia. Kaka, sasa nakuandikia kile ambacho sijamwambia mtu. Nilimkuta mama. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, koti la baba mwilini, mikono yote miwili ndani ya maji ya baridi, anakivuta kizibo cha mgomba. Katambuga zilikuwa kubwa mno miguuni mwake, nikadhani ndiyo sababu ya kuburuta. Nilipomgusa hakushtuka. Aliniita kwa jina la baba. Alisema, samahani nimechelewa, redio imetaja sakitu na wewe hukuamka.

Nilimvua zile katambuga, nikambeba mgongoni hadi nyumbani. Ni mwepesi siku hizi kama kuni kavu. Nikamkausha, nikamlaza. Kisha nikavaa katambuga, nikarudi, nikaketi kwenye ukingo wa ndiva mpaka vijana walipofika.

Fikiria ningesema ukweli. Kikongwe, alfajiri, peke yake, amevaa vya marehemu! Wangapi wangeelewa kwamba akili zake zimetangulia kumfuata mumewe? Tumesoma kwingine wanavyouawa kama wachawi vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi tu. Basi mkutanoni nilisimama na katambuga miguuni, nikasema ni mimi. Mbaraka aliniuliza kwa upole kwa nini. Nilimwambia aandike kosa, sababu aiache. Waliamua nitoe mbuzi, na nisifungue mdomo kwenye mkutano wa ndiva kwa mwaka mzima. Rogers ndiye aliyepiga makofi.

Kisha joto likaja kama lilivyotabiriwa. Maharage machache yaliyopona sakitu yalihitaji maji yale yale yaliyoishia korongoni. Zamu ilikuwa ya jirani yetu Sharifa. Shamba lake lilikauka akiliangalia. Alikuja hadi mlangoni akaniambia: afadhali ungekuwa mzimu, mzimu ningemsamehe. Nilimwomba radhi, kwa kuwa hasara yake ni ya kweli, na mwenye kosa alikuwa nyuma yangu amejifunika blanketi.

Mkutano wa kuamua kumkodisha Rogers ndiva ni Jumamosi ya pili ya Oktoba. Wanaompinga wapo, lakini aliyezoea kuwasemea ni mimi. Njoo, Kaka. Wewe ni mtoto wa yule mzee, watakusikiliza. Sema nilichozuiwa kusema. Kuhusu mama usiseme chochote.

Katambuga nimezichoma. Hata hivyo jana, jua likiwaka mpaka mabati yanalia, nilimkuta mama amesimama uani bila viatu, ameelekea ndiva, anaburuta mguu wa kushoto.

Nisalimie wifi na wanangu. Mama anawasalimu wote. Anasema uje na koti, baridi bado haijaondoka.

Ni mimi mdogo wako,
Eliakunda