Waliobisha Hodi Mlango wa Bluu

Chumba cha ushonaji, ghorofani
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yamepunguza kelele zao. Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia wiki hizi. Baba naye hajambo, bado anabishana na redio utadhani inamsikia.

Nakuandikia nikiwa kwenye cherehani. Jua la mchana linapenya vitambaa vilivyotundikwa, ukuta mzima umekuwa rangi ya chai. Ukikaa hapa muda mrefu unasahau kama uko macho au umelala.

Humu ndimo tunamokutana kila Jumamosi, vijana kumi na wawili, Waislamu na Wakristo. Tunasogeza cherehani ukutani, tunazungumza yale ambayo wazazi wetu waliyameza. Sharti letu ni moja: kabla ya kujibu, mrudishie mwenzako maneno yake mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema. Siku ya kwanza wawili walianza na vipaza sauti vya msikiti na ngoma za kanisa, chai ikapoa hawajafika kwenye jibu. Mimi uliyeniita Kasuku nikajua hapa ndipo pangu.

Kumbe wapi. Wiki mbili zilizopita nilipangwa kuzungumza na muuguzi mmoja Mwislamu, binti mpole wa rika langu. Akasimulia siku ile watu wa mtaa walipopigana kwa ajili ya dini. Mama yake alimbeba mgongoni, wakabisha hodi kwenye nyumba yenye mlango wa bluu, jirani na mashine ya kusaga. Hawakufunguliwa. Wakakimbia mbele, na huko mama akavunjwa mkono. Mpaka leo haunyooki.

Shangazi, mlango wa bluu ulikuwa wetu. Miaka yote nakiona kiganja chako mdomoni mwangu, kinanukia sabuni, na mlango unagongwa, unagongwa. Nimekuwa nikijiambia ni ndoto.

Zamu yangu ikafika. Moyo ulitaka kujitetea, sharti halikuruhusu. Nikasema, "Mlibisha hodi. Ndani kulikuwa na watu. Hawakufungua."

Akasema, "Ndivyo."

Nikaongeza, "Mimi nilikuwa mmoja wao."

Alichukua mkoba wake akashuka ngazi. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wiki mbili nzima nilishona mikono ya mashati kinyume, nikafumua, nikalia.

Jana alirudi na mama yake. Mama wa watu akakaa, akakipapasa kitambaa nilichokuwa nakata, akakisifu. Kisha akauliza kama tulimsikia. Nikamwambia nilimsikia. Akasema watu humwambia huenda nyumba ilikuwa tupu, na yeye alijua haikuwa tupu. Akauliza pia habari za mtu mzima aliyekuwa nami ndani. Nikamjibu kwamba yu hai, yuko mbali, na nitamwandikia.

Sikulaumu, shangazi yangu. Ulikuwa na mtoto wa kaka yako mikononi, na hofu ni hofu. Lakini siwezi kukusemea.

Wasalimie binamu zangu wote, na yule kitinda mimba mwambie gauni lake liko tayari. Baba anakusalimu sana. Mungu akufunike kwa rehema zake, aulainishe mkono wako uniandikie.

Mama yule hadai uombe radhi. Anauliza tu kama ulijua kwamba alikuwa na mtoto mgongoni.

Wako nikupendaye siku zote,
Kasuku