Harufu ya Ndagala kwenye Mlima wa Maombi

Uvira, Kavimvira
Jumapili, baada ya ibada

Yaya wangu Debora, dada mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Yule ambaye mpaka leo anapita bariere zote za wanajeshi bila kuulizwa kadi. Umeamka? Watoto wameamka? Na ng'ombe waliobaki, nao wameamka? Mimi niko. Nasema niko tu, maana ukiniuliza zaidi ya hapo sitakuwa na jibu zuri. Na Mama? Nikiandika swali hilo naweka kalamu chini kidogo, kwa sababu jibu lake litanifikia likiwa limeshapitwa na mambo.

Barua yako ilifika. Yule mama mwuza jibini anayeteremka kutoka kwenu aliitoa katikati ya jibini mbili, karatasi imelowa mafuta hata maneno yanateleza, lakini nilisoma. Nilisoma kwamba Mama hatoki tena kitandani, kwamba macho yamebaki na mwanga tu, analala mchana kutwa, na akiamka anauliza neno moja: "Enock amefika?" Umesema muuguzi ameshakusanya dawa zake akaenda, ila mgonjwa ndiye amekataa kwenda. Ati hatoki duniani kabla hajasikia miguu yangu uani. Mama namjua. Akishasema hivyo atakaa na maumivu yake akiningoja, na atakayeona maumivu hayo ni weye, si mimi.

Sasa nikueleze kwa nini sijafika, na usinikasirikie kabla ya kumaliza.

Watoto wa jirani zetu wanaandika kutoka Kanada na Australia, kule walikopelekwa na ndege, na watu wanasema masikini, wako mbali. Yaya, minye niko mbali kuliko wao. Wao wakitaka kurudi wanahitaji tiketi. Mimi nahitaji kutoka asubuhi na kutembea mpaka jua kuzama, na haiwezekani. Kila nikitua mzigo wa wachuuzi pale mpakani nainua macho, naona mlima wetu wote, hata moshi wa anayechoma shamba. Wenye bunduki wa huku chini wananiuliza nimetoka wapi. Wa kule juu wataniuliza nilikuwa wapi. Hakuna jibu moja linalowafaa wote, na njia ni moja. Wanawake wanapita, kwa kutukanwa na kupekuliwa, lakini wanapita. Mwanaume wa umri wangu, hapana.

Ilibaki njia ya maombi. Juu ya mji, pale mgongo wa kwanza wa mlima unapoishia na baridi yetu inapoanza, kuna mwamba ambao makanisa yote yanaupenda. Watu wanapanda alfajiri, wamefunga, wanaomba mpaka jua linapogeuka, jioni wako nyumbani wanakula kwa kulipiza kisasi. Kila Jumamosi njia ile inajaa kama soko. Wanajeshi wa bariere wanaacha kikundi kipite kikiwa na Biblia na karatasi ya ruhusa. Nadhani hata wao wana mambo ya kuombewa.

Basi nikaingia kikundi. Usicheke. Kiongozi wetu ni Mama Rebeka, mjane anayeuza majani ya sombe, mwenye sauti isiyohitaji mikro ya kanisa, ingawa mikro anaipenda sana. Kupanga safari ile ya siku moja kulichukua mikutano mingi kuliko kupanga harusi. Watu hawa wamezaliwa chini ya mlima, wamezeeka chini ya mlima, na wengi hawajawahi kuukanyaga. Wanauona kama paa la nyumba, mtu haliangalii mpaka livuje.

"Ndugu Enock, weye ni mutu wa kule juu," Mama Rebeka akaniuliza mbele ya wote. "Ni kweli hewa inaisha?"

"Haiishi, mama. Inakuwa kidogo tu, kama mshahara wa mwalimu."

"Na kichwa?"

"Kinauma. Mutembee polepole, mubebe masweta, mukunywe maji, na musiimbe wakati wa kupanda."

Wanakwaya wakanitazama kana kwamba nimetukana madhabahu. "Bila kuimba," mmoja akasema, "Mungu atajuaje kama tuko tunakuja?"

Halafu ukaja mjadala wa maji. Je, maji yanavunja mfungo? Ikaamuliwa kwamba maji ya kiu yanavunja, maji ya kumezea dawa hayavunji. Papo hapo karibu kikundi kizima kikawa na dawa za kumeza. Mimi nikawapangia njia, pa kupumzika, pa kuteremkia mvua ikinyesha, na ndani yangu nikapanga yangu. Mama Rebeka akishika maombi, macho yanafumbwa muda ambao mtu anaweza kuvuka kilima. Ningeomba nao kidogo, kwa uaminifu, kisha ningefumbua macho kabla ya wengine na kuendelea kupanda. Giza lingenikuta kwako. Wakisema "amina", ndugu Enock hayuko. Wangedhani nimenyakuliwa, na ingewapa ushuhuda wa mwezi mzima.

Mpango ulikuwa mzuri, yaya. Nimeuangalia tena na tena, sioni kasoro yake hata leo. Kasoro ilikuwa mimi.

Ijumaa, wiki mbili zilizopita, nilifunga sakoshi ya safari. Niliweka Biblia, sweta, na nilitakiwa kuishia hapo. Lakini nani wa kwetu amewahi kutoka ziwani akafika nyumbani mikono mitupu? Hata Baba, siku ile alipokimbia risasi na kiatu kimoja, alifika na chumvi. Nikawaona kwa mawazo watoto wako wakinikimbilia, wakishika sakoshi kabla ya kunishika mkono. Nikamwona Mama, asiyeona tena, atanitambuaje kama sina hata harufu ya ziwa? Nikaweka chumvi. Nikaweka sabuni. Na chini kabisa, nimezifunga kwenye plastiki na kitambaa, nikaweka ndagala kavu, vile visamaki vya ziwa letu.

Jumamosi tukapanda. Wanakwaya waliimba mpaka nyumba za mwisho za mji, kisha mlima ukawafundisha kunyamaza. Jua likatoka, ndagala nazo zikaamka. Fikiria watu waliofunga, matumbo matupu, wanapanda nyuma ya mtu anayenuka kama jiko la mama zao! Mzee mmoja akasema anasikia shetani anamjaribu kwa njia ya pua. Nikaongeza mwendo. Wakaongeza nao, wakidhani ni bidii.

Kwenye bariere Mama Rebeka akatoa karatasi ya ruhusa. Komanda, kijana mwenye macho ya asiyelala, hakuisoma.

"Munaenda wapi?"

"Kuomba, komanda wangu. Tumefunga."

"Kama mumefunga, hii harufu ni ya nani?"

"Ni ziwa iko inanuka," akasema Mama Rebeka, bila kupepesa. Hakujua kitu, alinitetea bila kujua anamtetea nani.

"Ziwa iko chini, mama. Harufu iko hapa, mu sakoshi ya huyu muntu."

Wakaimwaga sakoshi njiani. Biblia ilikuwa ya kwanza kuanguka, lakini hakuna aliyeiangalia. Komanda akainua chumvi, akaipima mkononi.

"Hii yote ni ya kuombea?"

Akaiweka chini, akanigeukia.

"Nani anakungojea kule juu?"

"Mama yangu."

"Mama yako iko na bunduki ngapi?"

"Ni mgonjwa, komanda. Haoni."

"Kila muntu nakamata na chumvi, anasema ni ya mama yake. Huu mulima iko na bamama wengi kupita maternite ya hospitali." Wenzake wakacheka. Na mimi, yaya, nilikaribia kucheka, kwa maana alisema vizuri. Ingekuwa si mimi anayechekwa, ningemsimulia mtu.

Wakaniketisha chini, mikono kichwani. Kikundi kikaambiwa kirudi. Mama Rebeka akakataa. Akatandika kitenge chake katikati ya njia, akakaa, akaanza kuomba kwa sauti ile isiyohitaji mikro. Aliwaombea wanajeshi, mama zao, kwa majina aliyowauliza mmoja mmoja. Jua lilipokuwa kali komanda akanisukuma kwa mguu: "Chukueni muntu yenu, munyamaze." Ndagala zikabaki kwao, na chumvi, na sabuni. Karatasi ya ruhusa akaichana. Akasema tangu siku hiyo hakuna kikundi kitakachopita, awe nabii, awe papa.

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Makanisa yote ya Uvira yamepoteza mwamba wao kwa sababu ya ndagala zangu. Vijana wananiita Mtume Petro. Kwenye ibada watu wanaacha nafasi upande wangu wa benchi, hata nikiwa nimeoga.

Mama Rebeka hakunisema njia nzima. Tulipofika kwenye maji ya kwanza akakaa juu ya jiwe, akavua viatu.

"Ungeniambia," akasema. "Minye ningebeba ile chumvi chini ya kitenge. Hawapekui mjane anayeimba."

"Niliogopa ungenikataza kwenda, mama."

"Na zile ndagala ungeziacha nyumbani."

"Mama, weye ungefika kwa mama yako mikono mitupu?"

Alitia miguu kwenye maji, akaiangalia, akaanza kulia polepole, na sikujua analilia mama yangu au wake.

Nilifikiria njia ya Lubarika, kuzunguka bondeni na kupandia nyuma. Nafahamu waliojaribu mwezi huu. Hawajaandika barua. Sina mpango mwingine, yaya. Nimeutafuta hata kazini, nikiwa na gunia mgongoni, na sasa nimechoka kuutafuta. Sitafika.

Mnisalimie shemeji yangu, mwambie zizi alitengeneze kabla ya mvua, asiningoje nimshikie nguzo. Mnisalimie shangazi mwenye kikohozi, na mke wa marehemu kaka yetu, na mchungaji aliyenibatiza. Watoto uwapakate kwa niaba yangu, hata yule mkubwa anayekataa kupakatwa.

Limebaki jambo la Mama. Najua hujawahi kusema uongo, yaya, hata ule mdogo wa kusifu chakula cha mgeni. Ninachokuomba kitakuuma, na dhambi yake iandikwe kwangu. Akiamka akauliza, usiseme tena niko njiani. Neno hilo ndilo linalomshikilia kwenye maumivu. Mwambie nimefika. Mwambie nilimkuta amelala, nikakaa karibu naye, nikamshika miguu, nikaona si vizuri kumwamsha. Mwambie sasa nimelala chumba cha pili kwa uchovu wa mlima. Ukimwambia, ongea kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye mgeni ndani. Na watoto uwaambie wasipige kelele uani, mjomba wao amelala.

Mdogo wako,
Enock