Baba Aliingia kwa Jirani

Dada yangu mpenzi,

Huku kwenye nyumba mpya tu wazima, ila uchovu. Kazini ni mwendo wa saa mbili, na nyumba zimefanana mpaka mimi mwenyewe nahesabu milango.

Juzi Baba aliingia kwa jirani, akavua viatu, akalala sebuleni. Jirani, muuguzi, alimfunika shuka akanipigia simu.

Nilipofika, Baba akasema, "Mwanangu, hapa pamenishinda. Nirudishe kwangu."

"Sawa, Baba. Jumapili."

Dada, bado hajui kwamba zile karatasi tulizompa atie sahihi zilikuwa za kuuza nyumba yake. Bila hivyo, hii nyumba mpya tusingeweza kuinunua. Sasa ameshafunga nguo zake. Njoo kabla ya Jumapili tumwambie pamoja, maana peke yangu siwezi.

Mdogo wako