Barua Isiyo na Mwenyewe

Kasenga, Uvira, tarehe 4 Machi 2024

Amahoro, Baba Chance,

Natumaini uko muzima na kile kikohozi cha baridi ya huko ng'ambo kimekuachia. Sisi tuko, Mungu anatushika. Chance alikuwa na malaria, sasa anakimbia tena. Ihirwe, huyu ambaye hujamwona bado, nimemwachisha ziwa. Analia, minye nalia naye, kisha asubuhi naenda sokoni kuuza samaki wadogo wa ndagala na macho mekundu kama mulevi. Mama yako ameteremka kutoka milimani kunisaidia. Anakusalimia sana.

Consolée jirani ataipiga karatasi hii picha na kukutumia kwa simu yake, kama kawaida. Usijibu kwa sauti. Consolée anasikiliza kila kitu halafu anatoa maoni.

Sasa jambo. Ile biro, ofisi inayoshughulika kutuleta kwako, imenitumia barua ya Kifaransa. Providence wa sekretaria, pale wanapoandikia watu barua kwa mashine, alinisomea: "Taarifa zako kuhusu ndoa hazilingani na za mume wako. Ndoa haijathibitishwa. Una siku arobaini na tano kurekebisha." Baba Chance, uliwaambia nini? Minye waliponipigia mwezi wa kumi na mbili nilijibu ukweli mtupu. Sielewi ni wapi ukweli wangu na wako viliachana njia.

Bibi yako,
Mama Chance


Tarehe 11 Machi 2024

Mama Chance mupenzi,

Amahoro. Kikohozi kimebaki kidogo. Kazi ni ileile, kukata kuku ndani ya baridi mpaka vidole havisikii kitu. Nibusie watoto, na mama umwambie ninakula.

Hata minye nimepata barua. Yangu inasema: "Mtu unayemtaja kuwa mke wako ametoa maelezo yanayopinga yako." Yanayopinga! Nimeisoma mara kumi kwenye basi. Nikapiga simu kwao. Mashine ikasema bonyeza moja, bonyeza mbili, ikanipigia muziki saa nzima, ikakata.

Basi nakuuliza weye: ulipinga nini? Kaka Bruno, si unajua ninakaa kwake, anasema kuna wanawake huko wanaofundishwa majibu na wanaume wengine. Sisemi ni weye. Nauliza tu.

Baba Chance


Kasenga, tarehe 15 Machi 2024

Baba Chance,

Pole na kazi. Watoto wazima.

Hiyo "nauliza tu" yako imenikalisha chini. Mwambie kaka Bruno kwamba anayenifundisha usiku ni Ihirwe, ananifundisha kutolala. Mengine akitaka kujua, aje aulize mwenyewe.

Nilirudi kwa Providence tukawaandikia kwenye mashine yake: "Minye ni bibi yake, tuko na watoto wawili, niulizeni chochote." Hata hajavuta kiti nyuma, jibu likaingia: "Asante kwa kutuandikia. Usijibu ujumbe huu." Nikasema, huyu anasoma haraka! Providence akacheka: "Mama Chance, hakuna muntu hapo. Inajijibu yenyewe." Nikamwambia, basi tumwandikie aliyeandika ile barua ya kwanza. Akatafuta jina chini, akatafuta juu. Halikuwepo. Barua inajua jina langu, tarehe niliyozaliwa, hata mutaa, lakini yenyewe haina mwenyewe. Tangu siku ile kichwa kinanizunguka.

Weye uko karibu nao. Nenda, gonga mlango, useme na muntu mwenye uso. Halafu unijibu upesi, siku zinahesabiwa.

Bibi yako,
Mama Chance


Tarehe 9 Juni 2024

Mama Chance,

Nasalimia watoto.

Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuandika kwa hasira. Mlango sikugonga. Kila siku nilitoka kazini giza, na moyo wangu ulikuwa umekwishaanza kuharibika. Kisha mwezi wa tano barua ikanifikia: "Mwombaji mwenza ameacha maombi." Ameacha. Ungeniambia weye mwenyewe, ningeumia vizuri zaidi.

Sitakusumbua. Chance na Ihirwe ni wangu, siku moja nitawatafuta.

Félicien


Kasenga, tarehe 12 Juni 2024

Félicien? Tangu lini kwangu unaitwa Félicien?

Watoto wazima. Minye hapana.

Sikuacha kitu. Sikuandika neno hilo kwa muntu yeyote. Miezi mitatu nimekungoja, nikidhani uko mgonjwa, nikidhani umepata mwingine, nikienda kwa Consolée kila jioni kuuliza kama simu imelia, mpaka ananiona kwa mbali anatikisa kichwa.

Nilimsomea mama yako barua yako. Akatua sufuria, akaniuliza: "Walipouliza mulioana siku gani, ulisema nini?" Nikamwambia, tarehe kumi na tano Desemba 2018, siku ya kanisa, kama iko kwenye cheti cha pasta. Akapiga makofi. "Na mwanangu je? Kwa baba yake ndoa ni siku ng'ombe zilipofika kwenu. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa vumbi! Ile ya kanisa baba yake anaiita siku ya picha."

Baba Chance, ulisema mwezi wa saba? Kama ni hivyo, sote wawili tulisema kweli, na mashine ikaona uongo. Muntu yeyote wa huku angeuliza swali moja tu, angecheka, angeandika zote mbili. Nijibu leo.

Mama Chance


Tarehe 13 Juni 2024

Mama Chance, mama wa watoto wangu,

Nilisema tarehe ishirini na moja Julai. Sikufikiri hata kidogo. Ni hivyo baba alituhesabia siku zote.

Nimelia kwenye choo cha kazini. Na kuna jambo sijakuambia. Pamoja na barua ya mwezi wa tano kulikuwa fomu: "Thibitisha hali yako." Visanduku viwili: uko na mke, huna mke. Kaka Bruno alisimama nyuma yangu. Niliweka alama kwenye "huna." Nilidhani ninarudia tu kile ulichokwisha kusema weye.

Leo niliomba ruhusa kazini, nikaenda kwenye biro yao. Dada mmoja mwema wa pale akafungua dosie, faili letu. Akasema siku arobaini na tano zilipopita bila marekebisho, mashine ilihesabu kwamba umeacha, ikaandika yenyewe, ikatuma yenyewe, hakuna aliyesoma. Nikamwambia, basi futa. Akanitazama kwa huruma: "Barua ni yetu, bwana. Lakini alama uliiweka mwenyewe."

Nisamehe.

Baba Chance


Nyamianda, tarehe 20 Juni 2024

Baba Chance,

Watoto wanakula, wanalala.

Nimekaa na maneno yako wiki nzima. Sijui nimkasirikie nani. Barua haina muntu, siwezi kuigombeza. Weye uko muntu, kwa hiyo hasira yote inakuja kwako, hata ile isiyo yako. Najua si haki. Lakini alama ni yako.

Kwetu mwanaume akimkataa bibi yake, hafanyi hivyo kwa kalamu, kaka yake akichungulia. Anatuma wazee. Na akitaka kumrudisha, anatuma wazee vilevile. Nimechukua watoto, niko hapa Nyamianda kwa mama yangu. Mama yako alinibebea mfuko mpaka mlangoni, na hakunizuia.

Wazee wako wanajua njia.

Mama Chance


Nyamianda, tarehe 17 Julai 2024

Amahoro, Baba Chance,

Natumaini umepumzika kidogo. Huku tuko wazima, kweli wazima.

Walifika Jumamosi, baba yako mdogo Gakunzi na mzee Mugabo, vumbi la milima mpaka magotini. Walikunywa maziwa. Waliongea malisho, mvua, ndama aliyevunjika mguu. Saa nzima hawakutaja jina lako. Kisha Gakunzi akasema: "Mtoto wetu aliweka alama mbaya. Tumekuja kuifuta."

Mama yangu akauliza: "Iko wapi?"

Nikaleta barua ya kufunga dosie niliyotumiwa na biro: mwombaji ametangaza hana mke. Gakunzi, weye unajua hakusoma, akaigeuza, akaitazama upande mweupe muda mrefu. "Aliyeandika hii ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia, barua haina mwenyewe.

"Basi atakuja nani kutuomba msamaha sisi?"

Mzee Mugabo akasema: "Labda anaona haya." Tulicheka, hata mama aliyekuwa amenuna tangu asubuhi. Nikasema nimekubali. Jumatatu nilirudi Kasenga kupika, leo nimekuja tu kuchukua nguo za watoto.

Kwa hiyo huku niko bibi yako. Kule huna bibi. Providence aliiandikia biro, ikajibu hapohapo bila kupumua: dosie iliyofungwa haifunguliwi kabla ya miaka miwili. Ihirwe atakuwa na miaka mine, hajakuona kwa macho. Nasoma mstari huo na bado sielewi ni kosa la nani tunalolipa.

Rudi kwa yule dada mwema. Muulize jina lake, uniandikie, nataka kumjua hata mmoja. Mwachie tarehe zote mbili, ya ng'ombe na ya kanisa. Na usiweke tena alama mahali popote kabla hujaniuliza, hata kama wanauliza tu unapenda chai.

Bibi yako,
Mama Chance