Kahawa Ambayo Mama Hakuipika

Lubumbashi, mwanzo wa mwezi wa tatu

Kwa Yaya Ruben, kaka yangu,

Nakusalimu, ingawa sijui salamu ipi inamfaa mtu ambaye kilio chake tulikimaliza na mimi nikanyoa nywele kwa ajili yake. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema huko kisiwani, na hilo nalisema kwa moyo wangu wote hata kama nina hasira nawe. Mimi mdogo wako Ngalula sijambo. Mvua zinaelekea kwisha, mahindi yamejaa sokoni, na barabara ya kwetu Katuba bado ina mashimo yale yale uliyoyaacha.

Barua yako niliipokea kutoka mkononi mwa Madame Estelle, nimeisoma hadi mikunjo inataka kuchanika. Hukuandika mengi. Ulisema unafurahi kusikia kwamba nipo, kwamba unafanya kazi yako ya kutafuta mikahawa mizuri na kuiandikia wageni, na kwamba nisimwambie mtu. Niwaache watu wajue umekufa, na Mama pia, kwa sababu hivyo ni rahisi kwa wote. Ukasema siku ulipoambiwa na Mkongo mmoja huko Morisi kwamba sisi tumeshakulilia, ulijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Hilo gunia ndilo ninalolijibu leo. Nakuomba usome mpaka mwisho, kisha ndipo unichukie ukitaka.

Nianze na namna nilivyokupata, maana naona Madame hakukueleza yote. Nafanya kazi kwenye mkahawa wake, mtaa wa Golf. Usicheke. Ndiyo, mimi niliyekuwa naunguza hata chai, sasa navaa aproni nyeupe na kuwapelekea wakubwa wa ofisi za migodi vikombe vidogo kama vya kuchezea watoto, wananusa, wanakunywa nusu, wanaacha. Madame alipopanga kwenda kupumzika Morisi na mume wake, alinipa simu yake nimtafutie mikahawa ya kule inayostahili kuingiwa. Hakutaka ile inayowangojea watalii na maji yaliyoungua. Basi nikakaa kutafuta kahawa nzuri kwenye kisiwa ninachokichukia, kisiwa kilichonilia kaka, na Madame akawa ananiuliza mbona leo ni mvivu hivyo.

Nikakutana na maandishi ya mtu asiyetaja jina lake, kwa Kifaransa. Alikuwa na mdomo. Mkahawa mmoja wa ufukweni aliwaambia watu waukimbie, kwa sababu unauza bahari na kusahau kahawa. Mwingine wa juu mlimani aliusifia kwamba mwenyewe anakaanga buni zake mbele ya wateja wala hana haraka na mtu. Nilimpenda kabla sijamjua. Halafu nikafika kwenye mkahawa mdogo wa Mahébourg, akaandika kwamba kahawa ya pale inakubeba nyimbo mbili. Nikaisoma tena, Yaya. Nani mwingine duniani anapima kahawa kwa nyimbo? Ni Mama tu. Mama aliyepika kahawa ya kilio kwa avenyu yetu nzima, na akisema kikombe kimoja kisipowabeba waimbaji wa mkesha nyimbo mbili kabla mtu hajasinzia, basi hiyo si kahawa, ni maji ya kuoshea sufuria. Na aliyekuwa akimtwangia tangawizi aliyasikia maneno hayo kila kilio. Nilikuwa mimi, unakumbuka.

Nilimwambia Madame ule mkahawa asiukose, na amuulize mwenye nao ni nani aliyeandika habari zake. Kisha nikashindwa kuvumilia, nikamweleza yote pale jikoni. Ni mwanamke mkali lakini ana utu. Aliporudi alinieleza kwamba alikungojea hapo hapo, ukaingia, mwenye mkahawa akakuita kwa jina, na Madame alipotamka Katuba ulisimama, ukakaa tena. Alisema umekonda na una ndevu. Alisema uliandika barua yako hapo mezani na kahawa ikapoa bila kuguswa. Picha yenu mliyopiga ninayo, naificha ndani ya Biblia.

Sasa nikueleze kuhusu kilio chako, maana wewe umekisikia kwa mbali tu.

Yule mwenzako wa chumba, Rigobert, alipiga simu kusema kwamba kimbunga kilipita, kwamba ulitoka kwenda kazini wakati wa mafuriko na hukurudi. Baada ya hapo simu yako haikuita tena. Tukangoja. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, nasi tulikaa tukiusubiri huo mshindo msimu mzima wa mvua. Baba mdogo Émile, ambaye tangu Papa afariki anaishi kwetu, anakalia kiti chake na kuamua kila kitu, alisema mtu hawezi kuachwa bila kulilia, roho yake itasumbua watoto. Turubai likafungwa uani. Kwa kuwa mwili haukuwepo, wakaweka mezani picha yako ya shati jeupe na mshumaa. Wanawake wa avenyu wakaleta sukari na makala ya kuwashia moto, wakawasha majiko ya mbabula, wakateleka ile sufuria kubwa, wakamngoja Mama atoke kuipika kahawa kama walivyomngoja kwenye vilio vyote.

Mama alitoka. Aliitazama sufuria, akaiondoa motoni kwa kitenge chake, akamwaga maji chini. Akawaambia polepole, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula: “Ruben hayakufa. Miye siwezi pika kahawa ya muntu mwenye hayakufa.” Akarudi ndani. Hakulia, hakunyoa, hakukaa kwenye mkeka. Kahawa akaipika mtu mwingine, ikatoka nyepesi, na waimbaji wakasinzia bila mtu kuwakemea.

Mimi nilidhani uchungu umemgeuza akili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nikajisemea, nikamwacha. Lakini unawajua watu wetu. Mama asiyemlilia mtoto wake! Turubai halijakunjwa, maneno yalishaanza kwenye bomba la maji. Anajuaje kwamba hakufa? Nani amemwambia? Anajua kwa sababu anajua alikomweka. Neno mulozi, mchawi wa kula watu, lilianza kwa kunong’onwa, baadaye likasemwa waziwazi, hata mbele yangu. Wanawake waliokunywa kahawa yake kabla sisi hatujazaliwa wakaacha kumjibu salamu. Mtu akifa kwenye avenyu, walituma mtoto aje kuazima sufuria, lakini yeye hawakumwita. Mama alikuwa anaisugua kwanza kwa mchanga, kisha anampa mtoto.

Yaya, nimezunguka na habari za vikombe na mikahawa kwa sababu hapa ndipo nilipoogopa kufika. Umeniambia nimwache Mama aendelee kujua umekufa. Mama hakuwahi kujua hivyo, na sasa hayupo tena.

Baba mdogo aliamua aombewe. Walimpeleka kwenye nyumba moja ya maombi, nje kidogo ya mji, wanakowafungisha watu njaa mpaka wakiri. Walitaka aseme amekuweka wapi. Nilikwenda kila siku na bakuli la ugali wa bukari na samaki, na kila siku wa langoni walinirudisha, wakisema chakula cha nyumbani kinalisha pepo. Nikiwa nje ya ukuta niliweza kumsikia. Walimuuliza, naye akajibu lile lile, kwamba mtoto wake hayakufa. Kila alipolijibu wakamwongezea mfungo. Angesema ndiye aliyekula roho yako, wangemfungulia siku hiyo hiyo, na wangepiga makofi. Hakusema. Alifia humo mwezi wa kumi na moja, mvua ndiyo kwanza zimeanza. Mama yetu alikufa kwa kusema kweli juu yako, na wewe ulikuwa hai unawaambia wageni mahali pa kunywa kahawa.

Sikuandika hayo ili nikuue. Nimeandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na sina wa kumgawia.

Baba mdogo alikataa turubai lifungwe kwetu. Mama Chishimba, jirani na rafiki yake wa siku zote, akanipa ua wake. Niliteleka sufuria, nikatia tangawizi kama alivyonifundisha, nikapika kahawa ya avenyu nzima kwa mazoea. Hakuna aliyeingia. Walipita nje ya ua wakiangalia upande mwingine, maana nani atakunywa kahawa ya kilio cha mulozi? Tulikunywa wawili mpaka tumbo likakataa, iliyobaki tukaimwaga kwenye mtaro. Kifo nilikuwa nimekililia tayari. Kilichonitoa machozi pale ni ule mtaro.

Nina jambo la kukiri pia. Siri yako nimeshaivunja, Mama Chishimba anajua. Nilitaka kuchukua ile picha yako na Madame, nimpigie Baba mdogo mezani mbele ya kanisa zima. Mama Chishimba ndiye aliyenishika mkono. Aliniambia: “Usibaonyeshe foto, mwana. Batasema njo kule alimuuzisha, iko anamutumikia.” Nikakaa chini, kwa sababu ni kweli. Wangesema ndiyo hicho kisiwa, mnaona, ndiko mama yake alikompeleka amfanyie kazi usiku na mchana, na wewe ungekuwa ushahidi wao. Picha yako ingemhukumu Mama mara ya pili. Wanachoshindwa kukijibu ni kimoja tu, miguu yako mwenyewe ikitembea.

Kwa hiyo ombi lako nalikataa. Siwezi kukuacha umekufa, kwa sababu kifo chako kina muuaji midomoni mwa watu, naye ni Mama. Hapa hakuna anayekuuliza habari za shule iliyokupeleka huko ukaishindwa, wala simu uliyoiogopa kupiga. Aibu yako hiyo ni yako peke yako, imeshazeeka. Ya Mama inazaliwa upya kila asubuhi bombani, na watoto wadogo wameanza kukwepa kiwanja chetu wakipita.

Njoo mchana. Usimwambie Baba mdogo akupokee uwanja wa ndege, wala usije kwa siri kulala kwangu. Shuka pale mwanzo wa avenyu, utembee kwa miguu. Simama kila lango, uwaite wenye nyumba kwa majina yao, wape mkono, waache wakushike mpaka waridhike, wakuone unatokwa na jasho. Kila lango sema wewe ni mtoto wa nani. Baada ya hapo nitakupeleka makaburini, na ukitaka kurudi kwenye mikahawa yako sitakushika shati.

Desturi ni kwamba hapa chini ningekujazia salamu za ndugu na majirani. Sina za kukupa, hakuna anayejua kwamba yupo mtu wa kusalimiwa. Mama Chishimba nimemuuliza, akasema salamu zake utazikuta kwake. Huyu anayekuletea barua ni mpwa wa Madame, atakaa huko wiki moja, unaweza kurudi naye. Mungu akulinde baharini na angani.

Ukifika langoni kwetu usipige hodi. Ita Mama, kwa sauti kubwa, kama ulivyokuwa unaita ukitoka shule, ili Baba mdogo Émile ndiye atoke kukuitikia.

Ni mimi mdogo wako,
Ngalula