Utani Wetu Umefika Mezani

Bibi yangu wa gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie maana sijui nimeharibu au nimeharibiwa. Mimi nauza kwenye duka la dawa, baba ni daktari, nimekulia nyumba yenye geti na msichana wa kazi, na mchumba wangu ni fundi makochi, ndoa yetu ni mwezi ujao, na tangu mwanzo sisi ni watu wa kutaniana, yeye ananiita Swichi kwa kuwa siku ya kwanza kwake nilishindwa kuwasha jiko la mkaa nikauliza linabonyezwa wapi, na mimi namwita Robo Kiti kwa sababu akija kwetu anakaa ukingoni mwa kochi kama mgonjwa anayesubiri kuitwa, tunacheka mpaka machozi, nikamsimulia kaka yangu, basi Jumapili tukiwa mezani kaka akavuta kiti akasema, "Karibu shemeji Robo Kiti, leo kalia chote, ruhusa tumetoa," wote wakacheka, na mimi Bibi nikacheka, yeye akatabasamu, akamaliza chakula, akamshukuru mama, akaondoka. Tangu hapo simu anapokea lakini ananiita dada. "Nzuri, dada. Asante, dada." Rafiki yangu kazini anasema tajiri na maskini wakitaniana ni dharau iliyovaa kicheko, tuache kabisa. Ni kweli? Naogopa ataniacha kwa adabu hiyohiyo.

Mchumba wa Fundi

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya pili nilitaka kusikia kama umemwomba radhi huyo kijana. Sijasikia.

Rafiki yako mwambie aendelee kuuza dawa za kikohozi. Wapenzi waliotoka nyumba zisizofanana hutaniana kwa sababu wanaogopa. Wewe unaogopa utaonekana hufai jikoni, yeye anaogopa ataonekana hafai sebuleni. Hiyo si dharau, ni hodi. Mtu anabisha ajue kama atafunguliwa. Marehemu babu yenu alikuwa karani, mimi natia dole gumba. Alinitania hilo dole mpaka tunamzika, na hakuna ndugu yake hata mmoja aliyewahi kuusikia utani huo.

Na umewahi kumwuliza kwa nini anakaa ukingoni? Ulicheka tu. Fundi makochi anajua gundi inavyoganda kwenye suruali, na kitambaa cha watu kinavyochafuka. Alikuwa anamheshimu mama yako. Ukaichukua heshima yake ukampa kaka yako achezee.

Sasa anza nyumbani. Mezani, baba akiwepo, mwambie kaka, "Lile jina nilikosea kukupa. Usilitumie tena." Aibu ya mbele za watu haifutwi kwa simu. Kisha nenda karakanani kwake mchana, ukae pale atakapokuonyesha, hata kama ni juu ya sponji. Usiseme ulikuwa utani tu, maneno hayo yamevunja nyumba nyingi. Sema, "Utani wetu niliutoa nje, nikacheka nao. Nisamehe." Halafu nyamaza. Asipokutania siku hiyo, usimlazimishe. Ndoa ikibidi isogee, isogee.

Na kaka yako akikaidi akalitaja tena, wewe ndiye wa kwanza kuinuka mezani, umshike mwenzako mkono mtoke pamoja. Kama hilo huliwezi, mwache fundi wa watu aende zake, atapata wa kumfaa.